Begi Lililotoka Yei

Begi la kwanza nililolifungua lilikuwa na nywele za mtu. Zilikuwa zimenasa kwenye zipu, ndefu, rangi ya nyasi kavu, na nilipovuta zipu zikanifuata kidoleni kama utando wa buibui. Nilijifuta kwenye sketi, nikajifuta tena.

"Usiogope, msomi," akasema Bwana Obitre. "Hizo nywele zimeshapanda ndege. Wewe bado."

Wauza mitumba wakacheka. Tulikuwa soko la Arua, upande wa mabegi, mbele ya robota lililokatwa kamba asubuhi ile. Bwana Obitre alikuwa bosi wangu, na hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu masomo ya utalii Kampala. Alikuwa ameanzisha kampuni ya kutembeza watu kwenye milima iliyo nyuma ya Koboko: siku kadhaa kwa miguu, miamba, miiba, vijito visivyo na daraja, usiku kwenye hema. Nadhani niliiamini kampuni ile kuliko yeye mwenyewe. Nilikuwa naona akilini vijana wa kwetu Pajulu wakiongoza wageni na kula jasho lao. Nilikuwa naona watu wa Kampala wakija West Nile kwa hamu, si kwa kutuonea huruma.

Kabla ya yote hayo tulihitaji mabegi ya wageni, na hapo nilijua ninachotafuta. Begi la safari ndefu uzito wake hukaa kiunoni, si mabegani, kwa hiyo mkanda wa kiunoni lazima uwe mpana na mgumu. Mgongo upate hewa. Mikanda ishonwe mara mbili pale inapokutana na mfuko, maana ndipo begi hufia. Mvua isiingie. Nilikuwa nimemweleza Bwana Obitre yote haya ndani ya gari, naye alikuwa ameitikia kwa kichwa huku akitafuna nyama ya mbuzi kutoka kwenye mfuko wa plastiki.

Begi la pili lilikuwa na ukungu ndani, mweupe, wenye manyoya kama ndevu. La tatu lilinuka mkojo wa panya. Katika mfuko wake wa pembeni niligusa kitu laini, nikakitoa: soksi ya mtoto, na ndani ya soksi plasta ya kidonda iliyokauka, damu yake nyeusi, na kipande cha kucha. Nilivitupa chini. Mate yalinijaa mdomoni, yale mate ya kabla ya kutapika.

"Bosi, hatuwezi kumbebesha mgeni kitu hiki."

"Tunaosha."

"Hili halioshwi. Hili linazikwa."

Aliingiza mkono wake wenye mafuta ya nyama ndani ya begi lile lile, akapapasa, akautoa, akachukua kipande kingine cha nyama. Sikutazama akikitia mdomoni.

"Sasa unataka tufanye nini?" akauliza. "Tununue mapya Ulaya?"

"Koboko kuna mama anashona mabegi. Jina lake Helen, tunamwita Mama Helen. Alitoka Yei, Sudan Kusini, wakati wa vita. Yeye na wenzake wakipata oda, watatushonea ya kutufaa, kwa kipimo chetu."

Aliacha kutafuna. "Alitoka Yei kwa miguu?"

"Kwa miguu. Begi aliloshona mwenyewe kwa safari ile bado analo. Ndilo nililotaka kukuonyesha, mishono yake haijaachia mpaka leo."

"Lete hilo begi," akasema, na macho yake yakang'aa. Mimi, kwa furaha yangu, nikadhani anafikiria mishono.

*

Mama Helen nilimfahamu tangu nilipofanya mafunzo ya kazi Koboko. Alishonea barazani, kando ya barabara iendayo mpakani, yeye na wanawake wengine wawili waliotoka naye, kwa vyerehani viwili. Malori yakipita, vumbi liliwafunika pamoja na vitambaa. Mvua ikinyesha, waliingiza kila kitu chumbani anakolala. Walishona mabegi ya shule.

"Pasca!" akaniita kabla sijavuka barabara. "Umekonda. Kampala hapana kupika?"

"Nimerudi Arua, Mama. Nimepata kazi."

"Kazi iko Arua na wewe bado iko mwembamba hivi? Hiyo kazi gani?"

Nikamweleza. Alisimamisha cherehani ili asikie vizuri.

"Ngoja," akasema. "Watu natoka Kampala, nakuja kupanda hii milima. Kutafuta nini?"

"Kutembea tu, Mama."

"Kutembea tu. Hapana kukimbia mutu?"

"Hapana."

"Na nani nalipa? Wao?"

"Wao wanalipa."

Alicheka hadi akavua miwani. Aliwageukia wenzake akawaambia kwa Kikakwa, nao wakaangua kicheko. "Mungu wangu," akasema akijifuta macho. "Sisi tulipita pale bure!"

Nilipomwambia habari ya oda, hakucheka tena. Aliuliza mabegi mangapi, ya turubai au ya kitambaa, lini. Kisha akatazama ukuta wa duka la jirani, ambapo palikuwa na chumba kilichofungwa kwa kufuli. Alikuwa amenionyesha mara nyingi chumba kile alichotamani kukipanga. Kilikuwa na mlango wa chuma na sakafu ya saruji. Vitambaa havingeloa tena.

"Mungu akitaka," akasema.

Begi lake alilileta kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa limeshonwa kwa turubai na gunia la unga, maandishi ya gunia yamebaki nusu. Mikanda ilikuwa ya chandarua kilichosukwa kama nywele, kipana pale kinapokaa begani. Sehemu inayogusa mgongo alikuwa ameijaza vipande vya koti la Wani, mumewe, aliyebaki nyuma kufunga nyumba na hakuwafikia. Mkanda wa kiunoni ulikuwa kitenge alichombebea Mercy, binti yake.

"Mercy alikaa hapa juu," akaniambia, akipiga kifuniko. "Miguu yake hapa kwa shingo yangu. Alinikojolea njia nzima, huyu mtoto! Sasa iko sekondari, naona aibu nikisema."

Tulilipima pamoja. Mimi nilipendekeza tuuhamishe mkanda wa kiunoni ushuke kidogo, yeye akabisha, tukajaribu kwa kubeba matofali kuzunguka baraza, na nilipoona anavyotembea wima nikakubali kwamba kwa kimo chake yeye alikuwa sawa, naye akakubali kwamba mimi mrefu nilihitaji ushuke. Tukaamua mkanda uwe wa kusogezwa. Jioni ile nilijiona nina kazi nzuri kuliko mtu yeyote niliyesoma naye.

"Hii hapana kuuza," akasema aliponikabidhi. "Naazima tu. Unarudisha vile iko."

"Nitarudisha vile iko, Mama."

*

Ofisi yetu ilikuwa Arua Hill, katika nyumba ya zamani yenye veranda pana. Bwana Obitre alilishika begi kwa vidole viwili, akalinusa, akakunja uso.

"Linanuka moshi." Kisha akatabasamu polepole. "Hili ndilo lenyewe."

Akaliweka juu ya meza, kati ya sahani na simu, akanieleza mpango wake kama mtu anayesimulia ndoto. Njia ya Wakimbizi. Wageni watapita kwenye vichaka vile vile walivyopita watu wa Sudan Kusini. Mwanzoni mwa njia kila mmoja atachagua: begi jipya la starehe, au begi la mkimbizi. La mkimbizi litakuwa zito, chafu, lina kitu ndani. "Wataonja," akasema. "Kijana wa Kampala ataonja maisha halisi. Yule mama yako wa Koboko anishonee kama hili, kumi na mbili. Lakini yaonekane ya zamani. Tutayasugua matope."

Nililivuta begi upande wangu wa meza.

"Bosi, watu walikufa njiani pale."

"Sikiliza, msomi. Mimi mwenyewe nilibebwa mgongoni. Mama yangu alinibeba kutoka hapa mpaka Kongo nikiwa bado nanyonya. Hii ni historia yangu. Nani atanikataza?"

Ilikuwa kweli. Arua hakuna nyumba isiyo na mtu aliyekimbia miaka ile ya vita vya kwetu. Bibi yangu mzaa baba alivuka na sufuria moja na mbuzi. Ndiyo maana sikuelewa mtu kama yeye anawezaje kuigeuza mchezo. Nilimtazama mdomo wake unavyong'aa mafuta, nikafikiria kwamba mdomo ule uliwahi kulia kwa njaa mgongoni mwa mtu.

"Mama yako angekubali?" nikauliza.

Alichokoa meno kwa kucha, akatazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni.

"Ukifanya hivyo mimi naondoka," nikasema.

Alicheka, akainua mikono miwili kama mtu aliyekamatwa. "Haya, haya, umeshinda. Mabegi mapya tu. Mwambie mama ashone manne ya majaribio, na yeye mwenyewe aje atupikie siku ya safari ya kwanza, aone kazi yake ikivaliwa. Safari ikienda vizuri, oda yote ni yake. Hili la zamani liache kwanza nilitazame mishono. Nitamrudishia mwenyewe siku hiyo, kwa mkono wangu."

Nilimwamini. Nilishuka mlima ule nikiimba.

*

Wageni wa majaribio walikuwa vijana wanne kutoka Kampala, wapole, wenye viatu vipya. Nakumbuka wawili zaidi: Daisy, aliyepiga picha kila kitu, na Shafik, aliyefanya kila kitu mzaha. Bwana Obitre alitununulia wote nyama ya kuchoma Koboko kabla ya kuondoka. Nami nilikula, kwa sababu nilikuwa na furaha.

Mama Helen alivaa gauni la kanisani na kiatu cha kutembelea. Alipowaona wageni wakijaribu mabegi yake mapya, akivuta mkanda hapa, akilegeza pale, aliwazunguka kama mama wa bibi harusi.

"Wewe kifua iko pana, ngoja. Sasa ruka. Ruka! Nasikia mabegani?"

"Hapana, Mama. Kiunoni tu," akasema Shafik. "Hili begi linanipenda kuliko demu wangu."

"Kwa sababu begi hapana kusikia wewe naongea," Mama Helen akamjibu, na wote wakacheka.

Tuliacha magari mahali barabara inapoishia, chini ya miamba. Nyasi zilikuwa zimetupita kimo. Mama Helen alijitwika beseni lake: sufuria, unga, maharage, chumvi, vitunguu. Nilikuwa ninafunga kamba za kiatu niliposikia Bwana Obitre akipiga makofi.

"Jamani, kabla hatujaanza! Kuna begi moja maalumu. Nani jasiri?"

Alikuwa amelitoa kwenye buti la gari.

Sikulitambua kwanza. Lilikuwa limepakwa majivu na kitu cha kijani kibichi ambacho nzi walikuwa wamekwisha kukigundua. Kinyesi cha mbuzi. Kilikuwa kimesuguliwa mpaka ndani ya chandarua kilichosukwa, kimeziba maandishi ya gunia. Juu ya kifuniko, mahali pa Mercy, palifungwa mwanasesere wa kitambaa aliyejazwa mchanga. Uso wake ulichorwa kwa mkaa: macho mawili, na mdomo wazi mkubwa wa kulia.

"Limetoka Sudan Kusini, kweli kabisa," akasema. "Lina historia. Ndani kuna mzigo wa mkimbizi, na huyu ni mtoto. Atakayembeba mpaka kileleni ana zawadi."

"Bosi," nikasema.

Daisy alikuwa ameshanyoosha mkono. Naamini hakuwa na ubaya. Alidhani ni mchezo kama michezo mingine. Alilivaa huku akicheka na kuziba pua. "Linanuka, jamani! Shafik, nipige picha."

"Fanya uso wa njaa," Shafik akamwambia. "Bado. Umeshiba sana. Haya, kimbia sasa, wanakuja!"

Na hapo Bwana Obitre, aliyekuwa nyuma ya gari, akagonganisha vipande viwili vya mbao. Pa! Pa-pa! Miamba ikarudisha mlio kama wa bunduki.

Nilisikia beseni likianguka. Nilipogeuka, Mama Helen alikuwa kifudifudi kwenye nyasi, uso ardhini, mkono mmoja umekunjwa chini yake mahali ambapo mtu angemshikilia mtoto. Unga ulikuwa umemwagika mgongoni mwake, mweupe, juu ya gauni la kanisani. Sufuria iliendelea kuzunguka juu ya jiwe, ikilia, mpaka ikatulia.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani yeye pia yumo kwenye mchezo.

"Anajua kazi huyu mama!" Shafik akasema.

Nilikwenda nyuma ya kichaka nikatapika nyama yote ya Bwana Obitre. Ilitoka na uchungu wa nyongo, na hata ilipokwisha tumbo liliendelea kusukuma, kana kwamba lilitaka kutoa pia zile siku nilizomwita bosi. Niliporudi nikijifuta mdomo, Mama Helen alikuwa amesimama. Hakuwa amejikung'uta unga. Alikuwa akilitazama begi.

Makofi yalikwisha. Hakuna aliyejua kwa nini, lakini yalikwisha.

Alimfuata Daisy, akasimama mbele yake. "Vua," akasema.

Daisy alivua haraka. "Samahani, Mama, mimi nilidhani..." Hakumaliza. Mikono yake ilikuwa imechafuka, akawa hajui aiweke wapi.

Mama Helen alipiga magoti, akafungua begi. Ndani kulikuwa na mawe. Alitoa moja, akaliweka chini. Akatoa jingine. Hakuyatupa, hakuharakisha. Tulisimama tukisikiliza kila jiwe likigusa mwenzake. Kisha akamfungua mwanasesere, akainuka, akampelekea Bwana Obitre, ambaye bado alikuwa ameshika mbao zake.

"Shika mtoto yako."

"Mama, sikiliza, hii ilikuwa..."

"Shika."

Alimshika. Ilibidi aziangushe mbao ili amshike. Mchanga ulivuja kwenye mshono mbovu, ukamwagikia kiatu chake.

Mama Helen alirudi kwenye beseni. Aliokota sufuria akaiingiza ndani ya begi. Maharage. Chumvi. Vitunguu, vile vilivyokuwa havijabingirika mbali. Unga uliobaki safi aliufunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akautia juu. Akalivaa begi na uchafu wake wote, akafunga kile kitenge kiunoni, akakaza fundo.

"Mama Helen," Bwana Obitre akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya biashara. "Usiharibu kazi ya wenzako. Fikiria oda. Mabegi yako yamependwa. Ukienda sasa, oda hakuna. Hata haya manne nitayakataa."

Niliona maneno yale yanamfikia. Alisimama, na nilijua anatazama wapi, ingawa Koboko haionekani kutoka pale: mlango wa chuma, sakafu ya saruji.

"Manne iko ya watoto hawa," akasema hatimaye, akiwaonyesha wageni kwa kidevu. "Wakimaliza kutembea, wataniletea barazani, ama pesa yangu. Wewe hapana iko ndani ya hii maneno." Akaanza kushuka.

"Sasa tutakula nini?" mmoja wa wageni akauliza taratibu.

"Pasca," Bwana Obitre akaniita. "Wewe ni mtu mwenye akili. Mrudishe."

Nilikuwa nimevaa fulana ya kampuni, yenye picha ya mlima na begi kifuani. Niliivua pale pale, nikabaki na fulana yangu ya ndani, nikaitundika ile ya kampuni kwenye kioo cha gari lake. Beseni lilikuwa limeachwa kwenye nyasi. Nikaliokota, nikamfuata Mama Helen.

*

Tulitembea muda mrefu. Nilikuwa nyuma yake, na upepo ulinipiga usoni na harufu yote ya lile begi. Nilijilazimisha nisizibe pua. Alitembea wima, kama alivyotembea barazani na matofali.

"Mama, mimi nilikuambia nitarudisha vile iko," nikasema mwishowe.

"Ulisema."

"Aliniahidi hatalitumia. Nikamwamini."

"Wewe naamini watu haraka sana. Kama mutu nakunywa maji bila kutazama ndani ya kikombe." Alipiga hatua chache. "Hiyo fulana uliacha, iko na mfuko? Hapana uliacha simu yako?"

Nikapapasa sketi. "Simu iko."

"Basi iko akili kidogo."

Tulipofika kijitoni alitoa vitu vyote, akavipanga kwenye jiwe, akaliingiza begi majini. Maji yaligeuka kijani, yakateremka na nzi juu yake. Nilikaa kando yake nikasugua mikanda kwa mchanga. Kinyesi kilikuwa kimeingia ndani ya kila msuko, ilibidi nikitoe kwa kucha, uzi kwa uzi. Sehemu ya mgongo, ya koti la Wani, hakuniachia. Aliisugua mwenyewe.

"Kile chumba," nikaanza.

"Chumba iko pale. Hapana natembea." Alitoa begi majini. "Kuja. Wewe na degree yako, shika huku. Kamua."

Tulilikamua, yeye upande wake na mimi wangu, mpaka mikono ikauma. Alilinusa ndani, akafumba macho. Kisha akanisogezea.

Nikanusa. Chini ya harufu ya maji na mchanga bado kulikuwa na ile ya mbuzi, na ule moshi wa zamani haukuwapo tena.

"Bado," nikasema.

"Bado," akasema yeye, na tukalirudisha majini.